Mlango Alioufunga Effie Gauld

Effie Gauld hakuwa mtu wa kuogopa watu. Alichokiogopa ni chumba kimoja tu, nacho kilikuwa katika kiwanda cha wiski cha Dalfearn, ng'ambo ya mto kutoka nyumbani kwetu. Ndicho chumba ambacho kila mgeni anayekuja pande zetu hizi za Uskoti hutaka kukiona. Kuna mapipa ya mbao humo, marefu kuliko nyumba, na ndani yake maji matamu ya shayiri yanatokota bila moto na kupandisha povu. Wageni huinama, hunusa, hupiga chafya, hucheka. Effie alikuwa amewaongoza wageni nusu ya maisha yake, akiwazungusha kwa basi lake dogo la kijani kutoka ngome hadi ngome na kiwanda hadi kiwanda, lakini hakuna aliyewahi kumwona akivuka kizingiti cha chumba kile. Akifika mlango wa nje wa jengo humkabidhi kundi binti wa kiwanda, yeye akarudi uani kuvuta sigara.

Sisi tuliokua naye hatukumuuliza. Baba yake, Alick Gauld, alifia humo Effie akiwa bado mtoto wa shule. Rafiki yake Alick, jina lake Geordie Rennie, alishuka chini kusafisha pipa, akaanguka. Chachu inapofanya kazi hutoa hewa nzito isiyo na rangi. Hewa hiyo huzama na kutuama chini kama maji kisimani, na ukija kuihisi inakuchoma puani, magoti yameshakuishia nguvu. Alick alimwona mwenzake amelala, akamfuata. Walitolewa wote wawili wamefunikwa magunia.

Palikuwa na mtu wa tatu siku hiyo, Wattie Imlach. Huyo alisimama mlangoni akapiga mayowe mpaka watu wakaja, lakini hakushuka. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, wahenga walisema, ila kwetu kunguru huyo hakupata pa kutua. Alibandikwa jina, Wattie wa Mlangoni, akazeeka nalo. Mama yake Effie alimtemea mate mbele ya kanisa, watu wakitazama. Effie mwenyewe alikuwa kinara wa watoto waliomfuata barabarani wakimwigiza: mmoja anaanguka, mwingine anasimama ameshika mashavu na kulia, "Nisaidieni, naogopa!" Wattie alikufa akinywa peke yake kwenye kona ya baa. Akabaki binti yake, Netta, na duka lake la mikate. Effie alikuwa radhi kuendesha gari mpaka kijiji cha pili kununua mkate, mvua inyeshe, theluji ianguke.

Basi mwaka ule, mwezi wa Oktoba, alipata wageni kutoka Denmark. Kati yao alikuwamo Henning, mchinjaji nyama aliyestaafu, mwili kama kabati, mdomo haufungwi. Mkewe, Birthe, alikuwa mwembamba, mpole, amevaa koti jekundu, na miwani yake ilimtoka puani kila alipoinama.

Asubuhi hiyo upepo ulikuwa umeanza kuvuma kwa hasira. Effie aliwapeleka kwenye ngome ya Craigorrel, iliyo juu ya mwamba, nusu yake nzima na nusu yake magofu. Walipanda mnara wakishikilia kamba ya ukutani.

"Mama Effie," Henning aliita kutoka chini ya ngazi, akihema, "mizimu ya humu inakula nini? Nina wasiwasi na mke wangu, lakini yule ni mifupa mitupu."

"Wataanza na wewe," Birthe alimjibu. "Mafuta yako yatawatosha mpaka Krismasi."

Wakacheka wote. Effie naye alicheka, lakini sikio lake lilikuwa kwenye paa. Walipotoka nje, kipande cha paa kiling'oka, kikaja kikizunguka hewani na kupasuka mbele ya mlango ambao walikuwa wametoka kuuvuka. Birthe aliokota kigae kimoja, akakitazama, akakiweka chini taratibu kana kwamba kimelala.

"Twendeni hotelini," Effie alisema. "Leo si siku ya kutembea."

"Hotelini kuna nini?" Henning alilalamika. "Nimevuka bahari kuja kunusa wiski, sikuja kunusa soksi zangu. Kiwanda kina paa zuri, au siyo?"

Wengine wakamuunga mkono. Effie alishika usukani. Njiani miti ilikuwa inainama mpaka inagusa barabara, na mara mbili alisimama kusubiri matawi yaondolewe. Alijiambia ni upepo tu.

Huko Dalfearn mvua ilikuwa inapiga ubavuni, uani hapakaliki. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza Effie aliingia mpaka kwenye ujia ulio nje ya chumba kile, akaegemea ukuta. Seonaid, binti wa kiwanda, aliwaingiza wageni. Effie alisikia sauti yake ikieleza, akamsikia Henning akitania, na chini ya sauti hizo akasikia mafeni makubwa yanayovuta ile hewa mbaya na kuitupa nje. Aliyasikiliza kama mama anavyosikiliza pumzi za mtoto mgonjwa.

Taa zikazimika. Mafeni yakapunguza mwendo, yakakoroma, yakanyamaza.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, lakini huu haukuwa ung'ongo. Kengele ya hatari ilianza kulia. Seonaid, kama alivyofundishwa, aliwatoa watu wote haraka bila kuwatisha.

"Umeme tu, jamani, umeme tu! Tokeni nje tafadhali, msisukumane!"

"Hamjalipia umeme?" Henning alisema, na watu wakacheka wakielekea uani.

Effie hakucheka. Alikuwa anatafuta koti jekundu.

"Birthe yuko wapi?"

Mama mmoja wa kundi lile aligeuka. "Miwani ilimdondoka taa zilipozimika, ikapenya kwenye vyuma vya sakafu. Alisema anashuka mara moja kuiokota."

Mwishoni mwa ujia palikuwa na mlango wa ngazi ziendazo chini, wenye kidirisha cha kioo. Effie aliukimbilia. Kwa mwanga hafifu aliona ngazi za chuma, na katikati yake koti jekundu limelala kifudifudi, kichwa kikielekea juu, mkono mmoja umenyooshwa. Kiatu kimoja kilikuwa kimebaki ngazi ya chini. Birthe alikuwa ameihisi hewa ile, akajaribu kurudi.

Dod Mearns, msimamizi wa zamu, alifika anakimbia. Alichungulia mara moja tu. "Barakoa za hewa ziko nyumba ya boila," alisema. "Naenda. Vijana wanafungua milango mikubwa ya upande wa mto. Effie, nisikilize. Asishuke mtu. Umenisikia? Asishuke mtu!" Akatokomea.

Na hapo hapo Henning akaja. Mtu alikuwa amemwambia.

Effie alisimulia baadaye kwamba hakufikiri. Mkono wake ulizungusha ufunguo uliokuwa mlangoni, ukauchomoa na kuutia kifuani ndani ya nguo, akageuka akaubana mlango kwa mgongo.

"Fungua," Henning alisema.

"Siwezi."

"Mke wangu yuko chini! Fungua!"

"Wanakuja na barakoa. Ukishuka hutafika kwake. Utamwangukia."

"Nitaziba pumzi! Ni ngazi chache tu, mama, nitamnyanyua kwa mkono mmoja!"

"Kila anayeshuka husema hivyo."

Henning alimshika mabega akamng'oa mlangoni kama mtu anavyong'oa shina la nyasi. Effie alirudi. Henning akamsukuma tena, Effie akarudi, safari hii ameng'ang'ania kitasa kwa mikono miwili. Henning alipiga mlango kwa bega, lakini ulikuwa mlango wa chuma. Akapiga kioo kwa kiwiko. Kilikuwa na waya ndani, kikapasuka bila kuanguka, na nyuma ya mipasuko ile koti jekundu likaonekana vipande vipande. Kisha akampiga Effie. Alimpiga usoni kwa kiganja, na jino likamtoka.

Lakini Effie alisema kipigo hakikuwa kibaya. Kibaya kilikuwa pale yule bwana mkubwa alipopiga magoti.

"Dada yangu," alisema kwa sauti ndogo. "Nakuomba. Moyo wake ni mbovu. Hajawahi kulala peke yake gizani tangu tuoane. Nakuomba, dada."

Effie alitazama kupitia kioo. Aliona vidole vya Birthe vikitikisika, au alidhani ameviona. Hofu iliyompata hapo haikuwa ya chumba tena. Ilikuwa hofu kwamba amekosea, kwamba hewa ya juu ni safi, kwamba mtu mwenye nguvu angeweza kuteremka na kupanda, na kwamba yeye, kwa woga wake wa utotoni, anamwua mwanamke mbele ya mumewe. Miguu yake mwenyewe ilitaka kushuka. Akajua jinsi baba yake alivyokwenda: hakuamua kitu, miguu ilimchukua tu. Na akajua kusimama kulivyokuwa kwa yule mwingine, Wattie. Aliketi sakafuni akauegemea mlango, damu ikimtiririka kidevuni, akawa anasema, "Sifungui. Sifungui. Sifungui."

Kisha chini kukasikika kishindo. Milango ya upande wa mto ilifunguliwa, na ule upepo ulioogofya watu tangu asubuhi ukaingia kwa nguvu na kufagia. Mwanga wa kijivu ukapanda ngazi. Watu wawili wenye barakoa walionekana wakimnyanyua Birthe, mmoja kwapani, mwingine miguuni, wakatoka naye. Henning akaruka, akazunguka jengo anakimbia.

Walimlaza kwenye majani mabichi, mvua ikimnyeshea usoni. Midomo ilikuwa ya samawati. Dod alimpulizia pumzi, akamkandamiza kifua, akapuliza tena. Watu walisimama bila kusogea. Henning alikuwa ameshika kile kiatu kimoja. Sijui alikipata wapi. Halafu Birthe akakohoa, akatapika, akavuta pumzi yenye mkwaruzo mbaya kama bawaba yenye kutu. Mke wa Dod aliangua kilio.

Hospitali ya Elgin walimlaza wiki nzima. Madaktari walisema kilichomwokoa ni kuangukia ngazi za katikati. Angefika sakafuni yangekuwa mengine. Effie alikwenda kumwona siku ya pili, shavu limevimba. Henning alimkuta kwenye ujia.

"Mke wangu yuko hai kwa sababu ya wale wanaume wawili," alimwambia. "Wewe ulinifungia mlango. Usiingie."

Effie akaondoka.

Kijijini maneno yalikuwa mengi. Wengi walimsifu. Lakini kwenye baa mzee mmoja alisema, kwa sauti ya kutosha kusikika, "Alick angeshuka." Effie aliweka glasi yake chini haijaisha, akaenda nyumbani. Tangu hapo akawa anaota anafungua ule mlango na ngazi zimejaa watu wamelala, na lazima awapite. Aliacha kuendesha basi. Alipungua mwili. Mimi nilimpelekea supu, nikairudisha ilivyo.

Kisha asubuhi moja alivaa koti lake la kanisani akaingia dukani kwa Netta. Duka lilikuwa na wateja, nami nilikuwa mmojawapo. Netta alimtazama kama anayeona ng'ombe ameingia.

"Nataka mkate," Effie alisema. Halafu akasema, "Baba yako aliita watu. Yeye ndiye aliyeita watu. Bila yeye wangeshuka wengine watano."

Netta alikuwa anafungasha mkate. Hakuinua uso. "Alilijua hilo," alisema. "Alituambia kila Krismasi, akishalewa. Alitaka kuambiwa na mtu mwingine, mara moja tu." Akafunga karatasi, akakunja pembe zake vizuri. "Umechelewa, Effie."

"Najua."

"Haya. Keti hapo nyuma, unatetemeka. Nitakuletea chai nikimaliza na hawa."

Sisemi walipatana. Nasema alikunywa chai.

Majira ya joto yaliyofuata Effie alirudi kwenye basi, na katika wageni wake wa mwanzo walikuwamo Birthe na Henning. Birthe ndiye aliyetaka kuja. Tangu ajali ile alikuwa anasahau majina ya vitu. Alisema "kile cha kunywea" akimaanisha kikombe, kisha akajicheka. Alimkumbatia Effie kituoni kwa muda mrefu.

"Bado hajakusamehe," alimnong'oneza. "Nikimwambia kwamba angekufa, ananijibu: afadhali ningekuwa nimejaribu."

"Namwelewa," Effie alisema.

"Mimi namwelewa pia. Ndiyo maana nakushukuru wewe."

Henning alipanda basi bila salamu, akaketi kiti cha nyuma kabisa. Effie alikagua kioo, akawasha gari. Barabara ya Craigorrel ni nyembamba na ina kona nyingi. Kila alipotupa jicho kwenye kioo alimwona yule bwana anatazama vilima, mdomo umefungwa, ameushika mkono wa mkewe kwa mikono yake yote miwili, na hakuuachia hata walipofika.