Mpiga Picha Aliyeikataa Harusi ya Mbeho

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kuigusa kamera. Fundi Mkuu, Mgoa mwembamba aliyefungua duka karibu na stesheni ya Dodoma mara tu reli ya Mjerumani ilipofika, alinitwika kasha la vioo nilipeleke bomani na kulirudisha. Enzi hizo picha ilinaswa kwanza kwenye kioo kilichopakwa dawa, kisha ikahamishiwa karatasini. Niliporudi alilitikisa kasha, akasikiliza, akasema, "Kesho uje tena." Huo ndio uliokuwa mkataba wangu.

Alikuwa mkali, na wateja wengi walimkimbia. Kabla ya kukubali harusi alihoji kama hakimu: bibi harusi atavaa nini, atapakwa nini, nani hasa anaitaka picha. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, nami nilidhani bwana wangu anaifukuza riziki kwa fimbo.

Siku moja alikuja Mzee Ndahani, mfugaji wa upande wa Kizota, pamoja na mkewe. Binti yao Mbeho alikuwa akiolewa na askari aliyepangiwa kituo cha mbali, huko Tabora. Aliyeitaka picha ni mama.

"Nikishamtoa huyu, sijui kama nitamwona tena," alisema. "Nataka uso wake ubaki nyumbani."

"Atapakwa ngeu?" Fundi aliuliza. Ngeu ni ule udongo mwekundu ambao wenyeji waliuchanganya na samli.

"Kichwa mpaka miguu," alijibu Mzee Ndahani.

"Basi mleteni kabla hajapakwa. Vioo vyangu havioni wekundu, mzee. Chekundu chote hutoka cheusi. Uso wake utapotea."

"Mwali wetu hatolewi nje bila kupakwa! Nimwaibishe mwanangu kwa ajili ya sanduku lako?"

"Kama ni hivyo, mimi sitampiga picha."

"Baba Mbeho, tumsikilize," mama alimsihi. Mumewe alikuwa ameshafika mlangoni.

Ng'ambo ya reli palikuwa na mpiga picha mwingine, mgeni, mwenye maneno ya asali na pazia lililochorwa maua. Huyo hakuuliza kitu. "Kila kitu kitatoka, mzee wangu," alimwambia, na harusi akaipata yeye. Mbeho alipanda treni na mumewe kabla picha haijawa tayari.

Mama yake alituletea picha hiyo ikiwa imefungwa kwenye kanga. Bwana harusi alitoka vizuri, hata vifungo vya sare vilionekana. Kando yake palikuwa na shanga, macho mawili, na weusi mtupu.

"Mtoe humo, Fundi," mama alisema. "Yumo. Nilimwona akisimama."

Fundi aliipeleka picha dirishani, akaitazama kwa muda mrefu. Hakumkumbusha maneno yake. "Hayumo, mama. Kioo hakikumpata."

Nilimchukia yule wa ng'ambo ya reli, na mpaka leo namchukia. Alijua. Kila aliyeshika vioo vile alijua.

Kisha vikaja vita, Wajerumani wakaondoka, njaa ikaingia kila boma. Mbeho alifia huko huko Tabora. Fundi Mkuu alirudi kwao, akaniachia duka na kamera, nami nikapiga harusi za watu hadi macho yalipokataa.

Nyinyi vijana mnachagua mpiga picha kwa viatu vyake. Haya, chagueni. Ila muulizeni kwanza ni kitu gani atashindwa kukitoa, na akisema hakuna, chukueni bibi harusi wenu mwondoke.

Mwaka nilipofunga duka, mama yake Mbeho alinijia akitembelea fimbo. Picha hakuja nayo. Alikaa, akapumua, akasema sura ya mwanawe imeanza kumtoka akilini.

"Wewe kazi yako ilikuwa kutazama watu," alisema. "Niambie, baba, mwanangu alikuwaje?"

Nami Mbeho sikuwahi kumwona.