Niliacha Mke Wangu Akemewe Mapepo kwa Shida Yangu

Nilikosa, na sina wa kulaumu. Swali moja lilininyima usingizi kwa miezi: mwanamume aliyeokoka, aliyejitunza hadi harusi, akishindwa chumbani na mke wake, bado ni mwanamume?

Kanisani tulifundishwa kwamba ukijitunza, ndoa itakuwa tamu. Nilijitunza. Baada ya harusi mwili ukakataa. Nikawaza labda ni laana, labda ni dhambi ya chuo niliyosahau kutubu. Nilifikiria kila kitu isipokuwa hospitali.

Mke wangu hakunicheka. "Tutangoja tu," alisema. "Kwani naenda wapi?"

Hapa Eldoret, wanaume wa kanisa letu hukutana Jumamosi kwa chai na maombi. Siku moja mzee anayetuongoza akaniuliza mbele ya wote, "Ndugu, mtoto tutaona lini? Ama jogoo amekataa kupanda mtungi?"

Wakacheka. Nikacheka nao. Kisha nikawaambia mke wangu ndiye hataki kuguswa.

Kicheko kikaisha. Waliniwekea mikono, wakaniita mvumilivu. Ole wangu, nilifurahia!

Jumanne, kina mama wa kanisa, waliokwisha kusikia kwa waume zao, wakabisha hodi kwetu. Mke wangu alidhani wamekuja kututembelea tu, akakimbilia kuwapikia chai. Wakamkalisha, wakamwambia ana roho ya ukaidi inayofunga ndoa, wakaanza kukemea.

Alinitazama mara moja, akingoja niseme kitu. Nikafumba macho kama mtu anayeomba.

Basi akapiga magoti, akaitikia amina.

Walipoondoka aliosha vikombe vyote. Hakulia. "Ungeniambia tu," alisema, "ningewaambia mimi mwenyewe kwamba shida ni mimi. Ningekufichia. Lakini ungeniambia."

Asubuhi alienda kwao, Moiben. Simu zangu hakushika.

Ndugu uliyeoa, aibu yako ibebe mwenyewe. Nenda kwa daktari, mwambie mkeo ukweli, wanaume wenzako wacheke wakitaka. Kicheko huisha. Yale macho ya mke wangu siku ile hayaishi.

Jumamosi iliyofuata nilisimama kabla chai haijamiminwa. Nikasema, "Mke wangu hana pepo. Mwili wangu ndio umekataa, na niliwadanganya." Hakuna aliyecheka. Mzee aliangalia kikombe chake kitupu.

Nikatoka hapo moja kwa moja hadi Moiben, nikayarudia maneno hayo mbele ya wazazi wake. Yeye alikuwa jikoni, mlango wazi.

Hakutoka.