Bahasha ya Remei

Remei alikuwa mfuma soksi kama mimi. Meza zetu zilitazamana kiwandani miaka kumi na mmoja, kwa hiyo nikisema namjua, namjua. Shuleni tulifundishwa Kihispania kwa fimbo. Kikatalani, lugha yetu ya nyumbani, alijifunza kukiandika mwenyewe kutoka kwenye kalenda za wakulima na magazeti ya kufungia samaki. Halafu akaandika riwaya nzima. Nilimwambia ana wazimu.

Riwaya ilihusu shamba la wakwe zake kule mlimani. Kwetu mtoto wa kwanza hurithi kila kitu, wa pili huondoka na godoro na baraka, na Remei aliolewa na wa pili. Mle ndani alimwanika mama mkwe wake, Engràcia, bila huruma: kikongwe anayefunga stoo ya chakula, analala na funguo kifuani na kumhesabia mkwewe vipande vya mkate.

Mwaka 1911 akaipeleka kwenye mashindano ya uandishi ya mji wetu. Desturi ni kwamba jina haliandikwi kwenye kazi, huwekwa ndani ya bahasha iliyofungwa. Ukishinda, bahasha hufunguliwa na jina kusomwa mbele ya watu wote. Ukishindwa, huchomwa palepale bila kufunguliwa.

Mwanzoni Remei aliomba usiku na mchana ashinde. Wiki ya sikukuu ya mji, washindi wanapotangazwa ukumbini, Engràcia akateremka kutoka mlimani na kapu la soseji, akasema naye anataka kwenda ukumbini kuona mabibi wa mjini waliojipamba maua. Remei alinijia mezani.

"Treseta, jina langu likisomwa, mlango wa shamba umefungwa. Wanangu hawatamwona tena bibi yao."

"Ungeyafikiria hayo kabla ya kuchovya kalamu," nikamjibu. Mdomo wangu huo, nimeujutia.

Ukumbini tulikaa watatu, kikongwe katikati. Jaji mkuu, bwana wa Barcelona aliyebanwa shingo na kola yake, akasema kulikuwa na riwaya moja yenye nguvu kweli, ya mwanamke anayelala na funguo za stoo kifuani. Lakini, akasema, zama za matope na kinyesi cha ng'ombe zimepita. Riwaya ya Kikatalani sasa ivae viatu, ihamie mjini, ijifunze adabu. Kwa hiyo riwaya haikupewa tuzo. Nilitamani kumtupia kiatu changu, avae yeye.

Bahasha za walioshindwa zikawekwa kwenye sinia la shaba, zikawashwa. Remei aliutazama ule moto mpaka ukabaki majivu, akashusha pumzi ya wiki nzima, akacheka huku machozi yanamtoka. Sijawahi kuona mtu aliyeshindwa akafurahi vile. Hata mimi niliona mwili wangu umekuwa mwepesi.

Kwenye ngazi za kutokea, Engràcia alimshika mkwewe kiwiko. Wakateremka ngazi tatu nne hivi.

"Mwanangu, huyo aliyeandika hakusema kwa nini kikongwe analala na funguo."

Remei akasimama.

"Mimi mama mkwe wangu aliniacha na njaa kipindi kizima cha baridi, nami nina mimba," kikongwe akaendelea. "Siku aliyokufa nilimvua funguo shingoni, mwili haujapoa bado. Nikaapa hakuna atakayenishikia mkate tena. Sikuangalia nani alibaki na njaa nyuma yangu."

"Mama," Remei akasema.

"Kama ana nakala, hilo aliandike."

"Anayo, mama."

"Basi Jumapili njooni na watoto."

Riwaya ile haijachapwa mpaka leo. Remei aliiandika upya, nakala ninayo mimi kabatini, na sura ya funguo ni ndefu kuliko zote. Jumapili ile nami nilialikwa. Tulipofika, stoo ilikuwa wazi, na Engràcia alikuwa mlangoni akikata mkate, bila kuhesabu.