Dakika Niliyoinakili Kajaga

Siku ile haijafutika kichwani mwangu, mwanangu, na hasira yake ninayo bado. Nilikuwa sekondari. Mwalimu wetu wa fizikia, mzee aliyekaribia kustaafu, alitupeleka Kajaga, ufukweni mwa ziwa, asubuhi mapema, mbali na milima ya Kiriri inayotucheleweshea jua. Sayari ya Zuhura ilikuwa inapita mbele ya jua kama kidoti cheusi. Kazi yetu moja tu: kutazama kwa kioo cheusi cha fundi wa kuchomelea, tuandike dakika na sekunde kile kidoti kinapotoka ukingoni.

Watu wa zamani walifanya hivyo wakiwa nchi za mbalimbali, wakalinganisha saa zao, wakapata umbali wa jua. Kwa kidoti! Na saa zetu zilingojewa na shule moja ya mbali, tupime umbali huo wenyewe.

Kidoti kikiwa karibu kutoka, akapita mama mmoja na karai la ndagala, dagaa wa ziwani, wa kuanika. Akanisalimu. Kwetu mkubwa hajibiwi kwa kisogo. Nikashusha kioo, nikampa mkono, akaniulizia wa nyumbani mmoja mmoja. Narudisha kioo, jua liko tupu.

Nikaogopa aibu. Nikachungulia daftari la rafiki yangu Zaina, nikanakili mpaka sekunde. Njia ya mwongo ni fupi. Mwalimu akaweka madaftari yetu pamoja, akayalinganisha, kisha akasema, "Mutoto wangu, hapa niko na jicho moja tu, limeandikwa mara mbili. We uliona?"

"Apana, mwalimu."

"Basi andika hivyo. Mi nitatuma hiyo."

Nikaandika huku nalia: sikuona, nilikuwa nasalimiana na mama. Zuhura haitapita hapo tena mpaka mimi na wewe tuwe udongo.

Juzi jirani alikuambia habari za jua haziivishi maharagwe. Nilimjibu vibaya, na simwombi radhi. Leo wataalamu wanagundua sayari za nyota nyingine kwa kuwa mwanga wa nyota hupungua kidogo sana sayari ikipita mbele yake. Kidogo hivyo, nani atamwamini mwenye tabia ya kunakili?

Mwaka 2032 sayari ya Utaridi itapita mbele ya jua, mwanangu, nawe utakuwa mkubwa. Mtu akikusalimu, mwombe angoje. Mwenye busara atangoja, pengine ataomba kutazama. Ulichoona, kiandike. Usichoona, andika hukukiona. Mungu akupe macho mazima, na mkono usiotetemeka mbele ya ukweli.