Siku Mama Alipojifanya Mzima

Fundi cherehani alitoka sokoni mbio akidhani atawahi kumwandaa mama yake. Alimkuta ameketi sebuleni, amevaa gauni la kuendea harusini, kilemba kimefungwa barabara. Akajua amechelewa.

Afisa wa ustawi wa jamii angefika wakati wowote. Alikuwa anakuja kupima iwapo bikizee huyo bado alistahili mhudumu anayelipwa na serikali, yule aliyekuja kila asubuhi kumwogesha, kumvisha na kumpa dawa. Mhudumu akiondolewa, ama fundi afunge cherehani, ama mama afungiwe ndani peke yake. Njia ya tatu ameitafuta mpaka akachoka.

"Mama, kile kiti cha choo kiko wapi?"

"Nimemwambia yule msichana wenu wa asubuhi akipeleke uani. Mgeni hapokelewi kwa choo."

"Huyu si mgeni, Mama. Anakuja kukupima."

"Basi na anipime. Nimezeeka, sijaoza."

Hodi ikabishwa. Afisa, kijana mpole, akaingia na kuamkia.

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, Bibi. Eti, kuoga unaoga mwenyewe?"

"Mtu mzima anaogeshwa tangu lini?"

"Na kutembea je?"

"Miguu ni yangu, sikuiazima."

Afisa akacheka huku akiandika, na kila kicheko kikamkata fundi maini. Amuumbue mama yake mbele ya mtu baki, aseme kwamba jana tu alilia kwa kujilowesha? Alijiambia kuwa anamsitiri. Lakini heshima na woga vilikuwa vimekaa pamoja ndani yake miaka mingi, na hakuwa na hakika kipi kati ya hivyo kilichomfunga mdomo.

Afisa alipokunja karatasi zake na kusimama, mama naye akashika mikono ya kiti. Katika maisha yake hakupata kumwacha mgeni aende mlangoni peke yake.

"Ngoja nikusindikize."

Fundi akaifumbata mikono yake nyuma ya mgongo. Mwache aone, aliwaza. Na papo hapo akajiuliza ni mtoto gani huyu anayengoja mamaye aanguke ili serikali ishuhudie. Mama aliinuka shibiri moja. Magoti yakatetemeka, kilemba kikamteleza hadi machoni. Fundi akamdaka makwapani, na uzito wote ukamwangukia kifuani kama ilivyokuwa kila jioni.

Afisa akaketi tena, taratibu.

"Ndivyo alivyo siku zote, dada?"

"Siku zote."

"Na kuoga?"

Fundi hakumtazama mama yake. "Hawezi."

"Mhudumu ataendelea kuja," afisa alisema. "Nitaandika nilichokiona. Bibi, kaa tu, leo nitajisindikiza mwenyewe."

Mlango ulipofungwa, mama aligeukia ukutani akikiweka kilemba sawa.

"Umeniuza."

"Ndiyo, Mama."

Fundi alitamani atukanwe, yaishe.

"Huyo msichana wenu," mama alisema hatimaye, "kesho mwambie afunge mlango kwanza, ndipo anivue nguo. Mimi si gunia la viazi."

Fundi, ambaye kila asubuhi huondoka mara tu mhudumu anapoingia, hakuwa na habari kwamba mlango ulikuwa ukiachwa wazi.