Reli Iliyoita Watu Machimboni

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, kabla sijaandika hata ukurasa mmoja wa kitabu, nilikuwa karani wa usalama kwenye machimbo ya mawe upande wa Kombewa, pale kilima kinaposhuka hadi ziwani kama ng'ombe anayekwenda kunywa maji. Mawe yetu yalivunjwa kuwa kokoto, kokoto ikapakiwa kwenye malori kwenda kutengeneza barabara ya Kisumu. Kila lori lilipoondoka niliona kana kwamba nchi nzima inaamka, na mimi ndiye niliyeigusa bega. Nilikuwa msichana aliyetoka shule juzi, nina kofia ngumu iliyonizidi kichwa na bendera nyekundu mkononi. Nani angeniambia kitu?

Mama yangu angeniambia. Yeye na wenzake walianika omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, kwenye ufuo ulio chini ya kilima hicho hicho, na wiki ya kwanza ya baruti alipanda hadi ofisini na beseni kichwani. Msimamizi wetu alikuwa anakula ugali. Mama akachota omena, akaimwaga kwenye sahani yake.

"Tafuna, Mzee."

Akatafuna. Sote tukasikia: kra, kra.

"Sasa uniambie," Mama akasema, "hiyo ni samaki ama ni barabara?"

Msimamizi alicheka mpaka akakohoa, na akianza kukohoa hakumaliza upesi. Ujana wake aliuacha kwenye mgodi wa makaa ya mawe, kusini mwa Afrika, akarudi nyumbani na sehemu ya mgodi ule kifuani. "Vumbi nalijua, Mama," akasema, akifuta macho. "Kule makaani lilikuwa linaua watu bila kupiga kelele."

Lakini wakubwa wa kampuni walikuwa na dawa yao ya mkato: wanawake waondoke ufuoni, wakaanike Dunga au popote watakapopata. Ufuo ukiwa mtupu, hakuna wa kupigwa na jiwe wala wa kulalamika. Mama alianza kuanika pale nikiwa mgongoni mwake. Mawe yale meusi, yanayoshika jua mapema, ndiyo yaliyonilea. Msimamizi akaomba jaribio moja tu: mkaguzi aje kutoka Kisumu, aone kama tunaweza kulipua mwamba bila kumdhuru mtu na bila kuharibu omena. Tukishindwa, wanawake wanahama.

Ah, siku zile! Tulifanya kazi kama watu wanaotayarisha harusi. Tulichimba mashimo mapana juu ya kijito ili maji ya matope yatulie humo kwanza, ndipo yateremke kule watu wanakoteka. Barabara ya malori tuliimwagia maji. Na baruti tukaihamishia mchana, kwa sababu asubuhi upepo wa huku hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na ndio uliokuwa ukibeba vumbi letu hadi kwenye omena. Baada ya adhuhuri ziwa nalo huanza kupumua, likausukuma upepo kurudi kilimani.

Ikabaki namna ya kuwaonya watu. King'ora hatukuwa nacho. Asubuhi ya jaribio lenyewe msimamizi akaleta kipande cha reli kuukuu, tukakitundika kwa mnyororo juu ya machimbo. Tulikuwa tumewaambia wanawake kwamba wakisikia mlio waondoke. Mlio wa nini, hatukusema. Nani alifikiri ni muhimu?

Mkaguzi alifika baada ya adhuhuri, amevaa soksi nyeupe ndefu, akasimama kando yangu. Msimamizi akaniashiria kwa kichwa. Nikainua nyundo, nikagonga reli kwa nguvu zangu zote.

Sauti ile! Iliruka kutoka kilimani, ikavuka ufuo, ikakimbia juu ya maji, na vinyweleo vya mikono yangu vikasimama. Chini, wanawake wakainuka. Vizuri. Wakaweka mabeseni chini. Vizuri. Wakakaza vitambaa kichwani, wakageuka, wakaanza kupanda kilima. Kutujia sisi. Mbio!

Kanisa letu lilikuwa ng'ambo ya rasi, nyuma ya mwamba mkubwa, na halikuwa na kengele. Lilikuwa na rimu ya lori iliyopasuka, ikigongwa kwa chuma. Pwani ile nzima, chuma kikilia Jumapili maana yake ni njoo. Kikilia siku nyingine, maana yake ni njoo mbio, kuna mtu amekufa. Na sasa kilikuwa kinalia machimboni, ambako waume na ndugu zao walikuwa kazini chini ya mawe.

Namshukuru Mungu utambi wa baruti ulikuwa haujawashwa. Sheria ya msimamizi ilikuwa kwamba hauoni moto mpaka bendera yangu ipande. Nikateremka nikipunga bendera hiyo usawa wa magoti, isidhaniwe imepanda, niwazuie, na wao walipoiona wakajua kweli mambo yameharibika, wakaongeza mbio. Mama alikuwa mbele, kiatu kimoja mkononi.

"Nani amekufa?"

"Bado, Mama," msimamizi akajibu nyuma yangu, akihema. "Ninyi ndio mlikuwa mnakuja kufa."

Walicheka wengine, wengine wakaketi chini kwa kuchoka. Mkaguzi hakucheka. "Hii ndiyo njia yenu ya kuondoa watu?" akauliza, akaanza kufunga mkoba wake.

Mama aliutazama ule mkoba ukifungwa, na uso wake ukabadilika. "Bwana," akamwambia, "chuma kikilia, sisi tunakwenda kinakolia. Ulitaka tumkimbie maiti?"

Niliona jambo lote kwa mara moja, wazi kama ziwa asubuhi.

"Bwana Mkaguzi, umeona walivyokuja? Wote! Hakuna aliyebaki hata kufunika beseni! Kosa si lao, ni mahali tulipotundika chuma. Tukipeleke kanisani! Pale nyuma ya mwamba jiwe haliwezi kufika. Kikilia huko, watakimbilia huko!"

Mkaguzi akanitazama, kisha akatazama miti. Majani yote yalikuwa yamelalia upande wa kilima. "Upepo huu unakaa mpaka lini?"

"Mpaka jioni," msimamizi akasema.

"Basi bebeni."

Wanaume wakaitia reli mabegani. Wanawake wakaifuata wakiimba na kuwachokoza: "Shika sawasawa, wewe! Mbona ugali huutingishi hivyo?" Mchungaji alipotuona tukikaribia aliacha kupalilia, akaja na kamba. Reli ikapanda kwenye mti, kando ya rimu yake iliyopasuka. Wanawake wakarudi ufuoni kufunika omena. Mimi nikapanda juu ya mwamba, mahali ninapoona pande zote.

Mchungaji akagonga. Wakaja wanawake, wakaja wavuvi na sindano za nyavu bado mikononi, wakaja hata wachuuzi kutoka Usenge waliokuwa wakipita na mizigo yao. Ufuo ukabaki na mabeseni na ndege weupe tu. Nilitazama mara ya pili, kisha ya tatu. Nikainua bendera.

Kilima kilinguruma hadi tumboni mwangu. Vumbi likapanda, jekundu, refu, likasimama kidogo kama linalofikiria njia. Kisha likainama kuelekea kilimani, mbali na maji. Nilipiga kelele, na nyuma yangu kanisa zima likapiga vigelegele.

Mama hakupiga. Alikwenda moja kwa moja ufuoni, akafunua beseni lake, akarudi na konzi ya omena. Akampa mkaguzi.

"Tafuna."

Akatafuna taratibu, na sisi sote tukatega masikio. Hakikulia kitu.

"Samaki," akasema.

"Basi waandikie hivyo wakubwa wa kampuni," Mama akamwambia, akavaa kile kiatu chake na kurudi kugeuza omena kabla jua halijashuka.