Mwanamke Aliyekataa Kutia Fedha Yake Kashani

Tuliomzika juzi pale Zuzu tulikuwa hawa. Binti yake wa pekee, na mume wa binti, na watoto wao wanne. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye aliyeshika jembe la kwanza. Mwalimu wa misheni, yule aliyenifundisha kusoma wakati kichwa changu kimekwisha kuwa cheupe, naye alikuja, ingawa marehemu hakuwahi kukanyaga kanisani. Wazee wawili tuliokwenda nao Mombasa, mmoja sasa haoni. Na mimi, niliyekula naye chungu kimoja safari nzima. Majina yao nayajua yote, na ya baba zao, na rangi za ng'ombe waliotolewa mahari ya mama zao. Lakini ninyi mnaonisoma mnajua desturi yangu, humu simtaji mtu. Wenyewe watajijua.

Kaburi halijasawazishwa vizuri, nikamsikia mzee yule asiyeona akimwambia mwenzake, "Haya, ametutangulia bahili wetu." Wakacheka kichinichini. Nikawageukia, nikauliza bahili ni nani. Akanijibu bila haya, "Si wewe mwenyewe uliyemwita mchawi pale Mpwapwa, dada? Au leo umesahau?" Sikusahau. Nilimwita hivyo, tena kwa sauti. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mwaka ule wa njaa, watu wengi wa kwetu waliweka watoto rehani ili wapate nafaka. Mwenzangu alikuwa mjane. Alimpeleka binti yake kwa tajiri mmoja upande wa Kilimatinde, akapewa mtama. Wakaagana kwamba akirudisha rupia walizopatana kabla binti hajavunja ungo, atamchukua. Akichelewa, binti ni wa nyumba ile, ataozwa na tajiri kama mali yake. Basi akajiunga na msafara wetu wa kwenda Mombasa kwa Waingereza, maana tulisikia wanajenga reli na vibarua wao wanataka kula. Huko tulikaa miaka mitatu. Yeye akipika uji na kuuza, mimi nikitwanga. Kila alipopata pesa za shaba za kutosha alizibadilisha kuwa rupia. Akiniambia, "Shaba ni za hapa hapa, mwenzangu. Rupia ndiyo inayosafiri."

Siku ya kurudi, mnyapara wa msafara akatoa kasha lake la bati. Ilikuwa ndiyo desturi: fedha za kambi nzima zinakaa humo, ufunguo unakaa shingoni mwake. Wote tukatia. Yeye akakaa tu. Mnyapara akamwambia, "Mama, unatuona sisi wezi?" Akajibu, "Sikuoni mwizi, kaka. Nakuona mtu mmoja. Mtu mmoja anaweza kuumwa na nyoka." Watu wakamzomea njia nzima. Wakamwita bibi harusi, kwa vile haachi kitu chake kiguswe.

Sasa alikiweka wapi? Alikuwa na kifuko shingoni, chenye rupia moja na shaba chache, kikining'inia mtu yeyote akione. Na mgongoni alibeba kibuyu cha mafuta ya kondoo yaliyovunda, ambayo tulimwomba kila siku ayatupe. Tulipovuka mpaka kuingia kwa Wajerumani, askari mmoja alitusimamisha. Akakiona kifuko, akakikata, akakitia mfukoni mwake. Kisha akauliza kibuyu kina nini. "Mafuta ya kupaka, bwana mkubwa. Nusa." Askari akanusa. "Toka! Toka na uvundo wako!" Nikamwonea huruma mwenzangu kwa kifuko kile. Akaniambia, "Askari alitaka kupata kitu, nami nilimwekea. Angekosa angetafuta."

Tulipofika Mpwapwa, mnyapara alisema anakwenda bomani kutuandikisha. Akaondoka na kasha kichwani mwa mpagazi wake, na hatukumwona tena. Siku mbili tulikaa tukiangalia njia. Wengine wanasema aliuawa. Mimi nasema alikimbia. Siku ya tatu, watu wakamzunguka mwenzangu, maana walikwisha kuhisi kwamba fedha yake bado anayo. Mimi ndiye niliyepiga magoti. Nikamwambia, "Niazime japo ya mbuzi mmoja, nirudi kwa mume wangu na uso." Akaniinua. Akasema, "Hii si fedha, ndugu yangu. Huyu ni mwanangu, yumo humu ndani. Unataka nimkate kipande gani nikupe?" Ndipo nikamwita mchawi. Alikwenda kwenye nyumba za watu akaomba mtama wa kutwanga, akarudi na kinu. "Njoo tutwange," akaniambia. Tulitwanga siku nne kwa ujira wa unga, na unga ule ndio uliotufikisha kwetu sote, pamoja na hao wazee wawili wanaocheka makaburini.

Nilimsindikiza Kilimatinde, kwa aibu zaidi kuliko kwa mapenzi. Alikipasua kibuyu mbele ya tajiri. Rupia zikaanguka zimeshikana na mafuta, hazikutoa hata mlio. Tajiri akafunika pua. "Fedha gani hii inanuka?" Akamwambia, "Inanuka miaka mitatu, bwana. Ipokee." Yule mtu akasema apewe siku chache afikiri. Mwenzangu akaketi mlangoni, miguu imeziba njia, akasema, "Fikiri. Mimi nipo." Ng'ombe, wanaolala ndani na kutokea mlango huo huo, hawakuweza kutoka. Kabla jua halijawa kali, binti alikuwa nje na kitambaa chake.

Siku hizi treni inapita hapa, na mabinti zetu wanakwenda Tanga, wanavuka hadi Unguja na Mombasa, wanakaa miaka. Mtaambiwa mpeni fulani awatunzieni, ni mwaminifu. Huenda ni mwaminifu kweli. Msimpe yote. Wekeni kidogo pa kuonekana, kwa ajili ya anayenyang'anya, na kikubwa wekeni mahali panapochukiza. Na fedha yenye kazi yake msiifungue kwa sababu ya kuona haya. Mimi niliona haya kubaki nje ya kasha, nikarudi kwa mume wangu mikono mitupu. Yeye aliitwa majina yote mabaya ya lugha mbili, akarudi na mtoto.

Inawezekana nimekosea mahali. Labda mpagazi aliyebeba kasha hakuwa wake bali wa kambi, labda tulitwanga siku tano na si nne. Aliyekuwapo na aniandikie kwa mhariri, nitasahihisha na kushukuru. Lakini anayetaka kuniandikia kwamba alikuwa bahili, asipoteze karatasi.